Bastola ya mazoezi na kiwambo cha sauti: Mambo ya kupima kabla ya bei

Bastola itumiayo risasi ndogo ya kipenyo cha inchi 0.22, yaani takribani milimita 5.6, ndiyo silaha ambayo walenga shabaha wengi huanza nayo, na wengi wao hawaiachi hata baada ya kubobea. Katika Michezo ya Olimpiki, mashindano ya bastola ya mita 25 ya wanawake na yale ya wanaume ya kufyatua kwa kasi hutumia risasi hiyo hiyo. Mvuto wake ni bei nafuu, teke hafifu na mlio ulio mdogo kuliko wa bastola nyinginezo.

Nchini Marekani, ambako bastola huuzwa madukani na ambako majimbo mengi humruhusu raia kumiliki kiwambo cha sauti mradi kimesajiliwa, wapo wanaojifunza ambao hununua vifaa vyote viwili kwa mpigo mmoja. Mnunuzi wa aina hiyo kwa kawaida huanza kwa kuuliza bastola ipi ni ya bei ya chini zaidi. Swali hilo lina uzito wake, lakini likitangulia mengine humtia mwenyewe gharama. Bastola ya dola 300 inayohitaji kiunganishi cha ziada, inayokwama kwa risasi za mwendo wa chini, au ambayo vilengeo vyake hufichika pindi kiwambo kinapofungwa, huishia kuwa ghali kuliko ile ya dola 450 isiyokuwa na kasoro hizo. Yanayostahili kupimwa kwanza ni masikio ya mwenye kujifunza, kasiba ya bastola, na risasi atakayoitumia. Bei ya bastola huja baadaye.

FATAKI ILIYO UKINGONI

Risasi ya bastola kubwa ina fataki, ile kemikali inayowasha baruti, katika kijishimo kilicho katikati ya kitako cha ganda. Risasi ya 0.22 haina kijishimo hicho. Kemikali yake husambazwa ndani ya ukingo wa ganda wakati wa utengenezaji, na pini ya bastola inapougonga ukingo huo, hubonyea na fataki ikawaka. Kwa sababu hiyo ganda halina budi kuwa jembamba, na shinikizo ndani yake halina budi kuwa dogo, la sivyo lingepasuka.

Wazo hilo lilianzia Ufaransa, ambako Louis-Nicolas Flobert alitengeneza risasi ya namna hiyo mnamo 1845 kwa ajili ya burudani ya kulenga shabaha ndani ya nyumba. Kampuni ya Marekani ya Smith & Wesson ilileta risasi fupi ya 0.22 mwaka 1857. Miaka 30 baadaye, mnamo 1887, kampuni ya J. Stevens ikatoa ile ndefu iitwayo Long Rifle, ambayo ndiyo inayotumika hadi leo. Ingawa jina hilo lahusu bunduki ndefu, bastola huitumia vilevile.

Nchini Marekani risasi moja ya 0.22 huuzwa kwa takribani senti 6 hadi 10, ilhali ile ya milimita 9 kwa kawaida huwa senti 20 au zaidi. Kwa mtu anayefyatua risasi 200 kila Jumamosi, tofauti hiyo katika muda wa mwaka mmoja hutosha kulipia bastola na kiwambo chake, na kikabaki kitu.

Upungufu nao upo. Fataki isiposambaa sawasawa ndani ya ukingo, risasi hukataa kuwaka, na jambo hilo hutokea mara nyingi zaidi kwa risasi hizi kuliko kwa zile zenye fataki katikati. Linapotokea, kasiba inapaswa kubaki imeelekezwa kwenye shabaha kwa nusu dakika hivi kabla ya risasi kuondolewa, kwa kuwa baruti huweza kuchelewa kuwaka. Mwanagenzi anayeigeuza bastola ili aitazame ndani ni hatari kwake na kwa walio jirani.

MASIKIO NA MKONO

Mlio wa bastola ya 0.22 isiyo na kiwambo hufika takribani desibeli 150, na wakati mwingine hupita hapo. Nchini Marekani kiwango kinachochukuliwa kuwa ukomo wa mlio wa ghafla kwa sikio lisilokingwa ni desibeli 140. Kipimo cha desibeli hakipandi kama ngazi ya kawaida: kila desibeli 10 zinazoongezeka ni nguvu ya sauti iliyozidishwa mara kumi. Hivyo, bastola ambayo wengi huiita ya watoto ina mlio wenye nguvu mara kumi kupita ukomo huo.

Chembe za sikio la ndani zinazopokea sauti hazioti upya zikishakufa. Anayefyatua risasi 50 bila kinga na kusikia mvumo hadi jioni huenda asubuhi akajiona amepona. Hata hivyo, sehemu ya usikivu wake yaweza kuwa imekwenda isirudi, na kwa kawaida zinazotangulia kupotea ni sauti nyembamba, zile zinazomsaidia mtu kutofautisha maneno penye kelele.

Kiwambo kizuri cha risasi ya 0.22 hupunguza mlio kwa takribani desibeli 30, na baadhi hupita hapo, hivyo kinachobaki huwa kati ya 115 na 125. Kwa hesabu iliyotajwa, desibeli 30 ni nguvu ya sauti iliyogawanywa kwa 1,000. Hilo si jambo dogo, lakini pia halina uhusiano na kile kimnong'ono kinachosikika katika filamu. Chuma kinachorudi nyuma hulia, ganda likianguka hulia, na risasi ikigonga shabaha husikika. Aidha, katika uwanja wenye wafyatuaji wengine, kiwambo cha mtu hakimkingi na bastola ya jirani yake. Vizibo vya masikio na miwani ya kukinga macho hubaki kuwa vya lazima.

Faida ya pili ni ya mkono. Mtu anayeogopa mlio hushtuka kabla haujatokea: vidole hukaza, kiwiko hushuka, jicho hufumba, na risasi huenda chini ya shabaha. Walimu wa mchezo huu hupoteza muda mwingi kuondoa tabia hiyo kuliko kufundisha jambo lingine lolote. Anayeanza na teke hafifu na mlio uliopungua hujifunza kuvuta kifyatulio polepole bila kusubiri kishindo, na humsikia mwalimu wake vizuri zaidi.

Kiwambo chenyewe ni mrija wa chuma, aluminiamu au titani wenye vyumba kadhaa ndani. Gesi ya moto inayoifuata risasi hupanuka na kupoa katika vyumba hivyo kabla ya kutoka nje, sawa na inavyofanyika katika ekzosi ya gari. Mmarekani Hiram Percy Maxim alipata hataza ya kifaa hicho mwaka 1909, na alishughulikia pia vifaa vya kupunguza kelele za injini. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni bunduki ya rashasha ya Maxim mnamo 1884, ile ambayo Kapteni Lugard aliitumia katika vita vya Mengo, Buganda, mwezi Januari 1892. Mzee huyo aliishia kuwa kiziwi kutokana na miaka mingi ya kuzijaribu bunduki zake.

Vyanzo vya mlio ni vitatu, na kiwambo hushughulikia kimoja tu, yaani gesi. Cha pili ni mpasuko wa hewa pale risasi inapokwenda kasi kuliko sauti, na dawa yake ni uchaguzi wa risasi. Cha tatu ni vyuma vya bastola vyenyewe. Kwa sababu hiyo, bastola za silinda inayozunguka hazifai kwa kazi hii hata zikiwa za bei ya kutupa, kwani gesi huvuja katika upenyo ulio kati ya silinda na kasiba, na mlio hutokea hapo hapo karibu na uso wa mfyatuaji.

KASIBA ISIYOTIKISIKA

Katika bastola nyingi za milimita 9, kasiba huinama kidogo kila chuma cha juu kinaporudi nyuma. Ukiining'iniza kiwambo kizito, mwendo huo huzuiwa na bastola hukwama, hivyo hulazimika kuwekwa kifaa maalumu chenye springi. Bastola za 0.22 hazina tatizo hilo kwa kuwa kasiba zake kwa kawaida zimetulia mahali pamoja, na kinachosukuma chuma nyuma ni nguvu ya ganda pekee. Hapo ndipo akiba ya kwanza inapopatikana: kiwambo chake huwa chepesi, sahili na cha bei ya chini zaidi.

Hata hivyo, bastola hizo ni za koo mbili. Katika ukoo wa kwanza, kasiba na mwili wa juu vimeshikana kuwa kitu kimoja, na ndani yake ni komeo dogo tu linalokwenda nyuma na mbele. Vilengeo hukaa juu ya chuma kisichosogea. Katika ukoo wa pili, bastola hufanana na zile za polisi: chuma chote cha juu hurudi nyuma pamoja na kilengeo. Ukoo wa kwanza hulenga vizuri zaidi na hukubali darubini au kilengeo cha nukta nyekundu bila taabu. Ukoo wa pili ni mwepesi, kwa kawaida ni wa bei ya chini, na humfaa anayetaka mazoezi yanayofanana na bastola yake kubwa.

Mfano mashuhuri wa ukoo wa kwanza ni bastola ya Ruger. William Ruger na Alexander Sturm waliitoa ya awali mwaka 1949 kwa dola 37.50, na ndiyo iliyoisimamisha kampuni yao. Mark II ilifuata 1982, Mark III katikati ya miaka ya 2000, na Mark IV mwaka 2016. Tofauti kubwa ya hii ya mwisho ni kufunguka. Zile tatu za mwanzo zilikuwa maarufu kwa kuwatoa jasho wenye nazo kila walipotaka kuzirudisha baada ya kuzisafisha, ilhali Mark IV hufunguka kwa kubonyeza kitufe kimoja nyuma. Kwa bastola ya kiwambo, ambayo huchafuka upesi, hiyo si anasa.

Ruger hutengeneza pia aina nyepesi iitwayo 22/45 Lite, yenye mwili wa juu wa aluminiamu na kasiba iliyokwisha kuchongwa hesi, yaani mikato ya parafujo ambayo kiwambo hujifungia. Washindani wake wa karibu ni Browning Buck Mark, iliyoanza kuuzwa 1985, na Smith & Wesson SW22 Victory ya mwaka 2016, ambayo ni ya chuma cha pua na kasiba yake hubadilishwa kwa kufungua parafujo moja. Zote tatu huuzwa madukani kwa takribani dola 400 hadi 600, kulingana na aina. Victory ina uzito wa kilo moja hivi, jambo linalomfaa mlenga shabaha anayesimama mahali pamoja na kumchosha mwenye mkono mdogo.

Katika ukoo wa pili, Taurus TX22 iliyoingia sokoni 2019 ndiyo iliyowashangaza wengi. Ina mwili wa plastiki ngumu, uzito usiofika nusu kilo, magazini ya risasi 16, na kwa kawaida hupatikana kwa chini ya dola 350. Walther P22 ya Ujerumani, iliyokuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni ndogo na yapendeza mkononi, lakini hesi zake ni za kipimo cha Ulaya, na kiwambo cha kawaida hakiingii bila kiunganishi. Ruger SR22, ya mwaka 2012, iko katika kundi hilo hilo la udogo na bei.

Kipimo kilichozoeleka Marekani kwa viwambo vya 0.22 ni kipenyo cha nusu inchi chenye hesi 28 kwa kila inchi. Mnunuzi asiyehakikisha jambo hili dukani hulipa mara mbili. Bastola nyingi huuzwa katika sura mbili, moja yenye hesi na nyingine isiyo nazo, na tofauti ya bei kwa kawaida huwa ndogo kuliko gharama ya kumpelekea fundi achonge baadaye. Mwenye mpango wa kununua kiwambo mwakani hana sababu ya kununua kasiba isiyo na hesi mwaka huu.

Jambo lingine ni urefu wa vilengeo. Viwambo vingi vya 0.22 vina unene wa takribani inchi moja, na katika bastola zenye kasiba iliyo karibu sana na vilengeo, ukingo wa kiwambo huweza kuingia mbele ya jicho. Hili halielezeki kwenye karatasi ya bei. Linataka bastola ishikwe mkononi kiwambo kikiwa kimefungwa. Mizani nayo hubadilika. Gramu 100 zilizo mwisho wa kasiba huhisiwa kuliko gramu 100 zilizo mpinini, na ndiyo sababu kiwambo kifupi cha aluminiamu mara nyingi kina manufaa zaidi kwa mwanagenzi kuliko kile kirefu kinachopunguza desibeli mbili tatu za ziada.

Anayenunua bastola iliyotumika ana la kuangalia zaidi. Mnamo Juni 2017, kampuni ya Ruger iliwataka wenye bastola za Mark IV zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 mwezi huo kuzirejesha zirekebishwe. Baadhi zingeweza kufyatua zenyewe pale kizuizi cha usalama kinaposogezwa, iwapo kifyatulio kilikuwa kimevutwa kizuizi kikiwa katikati. Kampuni ilizirekebisha bila malipo, na namba ya silaha huonyesha iwapo imo katika kundi hilo. Bastola ya aina hiyo ikiuzwa kwa bei ya kuvutia mno, namba yake isomwe kabla ya mkono kuingia mfukoni.

RISASI INAYOFAA

Sauti husafiri kwa takribani mita 340 kwa sekunde hewa ikiwa ya nyuzijoto 15. Risasi ikivuka kasi hiyo hupasua hewa kwa kishindo ambacho kiwambo hakiwezi kukizima, kwa kuwa kishindo hicho huzaliwa nje, njiani. Risasi zinazotangazwa kuwa za kasi ya juu hupita mita 370 kwa sekunde zikifyatuliwa kutoka bunduki ndefu. Katika kasiba fupi ya bastola hupungua, lakini baadhi hubaki karibu na mpaka, moja ikipasua hewa na inayofuata isipasue.

Zinazofaa ni zile za mwendo wa kawaida. Mfano unaotumiwa sana ni CCI Standard Velocity, yenye kichwa cha gramu 2.6 na kasi iliyoandikwa kwenye kasha ya futi 1,070 kwa sekunde, yaani takribani mita 326. Ni nafuu, hulenga vizuri na haipasui hewa katika hali ya kawaida. Kwenye baridi kali mambo hubadilika kidogo, kwani sauti yenyewe hupunguza mwendo hadi takribani mita 331 kwa sekunde nyuzijoto zikifika sifuri.

Kinyume chake, zipo risasi tulivu mno, zenye kasi ya futi 700 na kitu, zilizokusudiwa bunduki za kukokwa kwa mkono. Mnunuzi anayezipeleka katika bastola inayojikoka yenyewe hujikuta akiisukuma kwa mkono baada ya kila risasi, kwani hazina nguvu ya kurudisha chuma nyuma. Bastola nyingine, hasa zile mpya ambazo springi zake bado ni ngumu, husumbua hata kwa risasi za mwendo wa kawaida katika siku za mwanzo. Njia iliyo bora ni kununua makasha madogo ya aina tatu au nne, kuyajaribu, na kisha kununua kwa wingi ile ambayo bastola hiyo imeikubali. Bastola mbili za jina moja zaweza kupenda risasi tofauti.

Risasi ya kwanza baada ya kiwambo kukaa bila kutumika kwa muda hulia zaidi ya zinazofuata. Hiyo si dalili ya ubovu. Hewa iliyomo ndani ina oksijeni, na mabaki ya gesi ya baruti huiwaka. Risasi ya pili hukuta oksijeni imekwisha.

KUFUNGA NA KUSAFISHA

Kiwambo kinapaswa kukaa sambamba kabisa na kasiba. Kikipinda hata kidogo, risasi hugusa kuta za ndani na kukiharibu, na vipande huweza kuruka. Kabla ya kufunga, hesi za pande zote mbili hufutwa, kisha kiwambo huzungushwa mpaka kikalie bega la kasiba. Kwa kuwa joto na mtikisiko hukilegeza, mfyatuaji mwangalifu hukikagua kila anapobadilisha magazini, bastola ikiwa tupu na kidole kikiwa mbali na kifyatulio.

Uchafu ndio kodi ya risasi hii. Vichwa vyake vingi ni vya madini ya risasi yaliyopakwa nta au kufunikwa kwa utando mwembamba tu wa shaba (Kiswahili chenyewe kimeiita risasi kwa jina la madini hayo). Joto huyayeyusha kidogo, na mvuke wake ukikutana na kuta za kiwambo huganda pamoja na masizi. Baada ya mamia ya risasi, kiwambo kisichosafishwa huongezeka uzito na vipande vyake hung'ang'ania kutoka. Kwa risasi ya 0.22, kiwambo kisichofunguka ni cha kuepukwa hata kikiuzwa kwa nusu bei. Kile kinachofunguka husafishwa kila baada ya risasi 300 hadi 500 hivi, kwa brashi ngumu na mafuta.

Wapo wanaoloweka vipande katika siki iliyochanganywa na haidrojeni peroksaidi. Mchanganyiko huo hung'oa uchafu kweli, lakini huzaa chumvi ya risasi iliyoyeyuka majini, sumu kali ambayo haifai kuguswa wala kumwagwa kwenye sinki, na isitoshe huila aluminiamu. Hata bila kemikali hizo, gesi inayorudishwa nyuma na kiwambo humpulizia mfyatuaji masizi yenye madini hayo usoni na mikononi. Mikono na uso huoshwa kabla ya kula, na nguo za uwanjani hazichanganywi na za watoto katika kufua, kwa sababu madini ya risasi huathiri zaidi ubongo unaokua.

SHERIA

Tangu 1934 viwambo vya sauti vimo katika orodha ya silaha zinazosajiliwa na serikali ya shirikisho ya Marekani. Sheria ya mwaka huo iliweka kodi ya dola 200, kiasi kikubwa mno kwa wakati huo, na kodi hiyo haikubadilika kwa zaidi ya miaka 90. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 iliifuta kwa viwambo kuanzia 1 Januari 2026. Usajili haukufutwa: mnunuzi hujaza fomu, hutoa picha na alama za vidole, na husubiri idhini kabla ya kukabidhiwa kifaa. Majimbo kadhaa, yakiwemo California, New York na New Jersey, hayaruhusu raia kukimiliki hata baada ya taratibu hizo. Anayejitengenezea nyumbani bila idhini hukabiliwa na kifungo cha hadi miaka 10.

Kwingineko mambo hutofautiana sana. Nchini Norway na Ufini viwambo ni vifaa vya kawaida kwa wawindaji. Uingereza nayo ilipiga marufuku bastola nyingi mwaka 1997, baada ya mauaji ya shule ya Dunblane ya 1996, na marufuku hiyo ilizikumba hata hizi za 0.22.

Kwa Wakenya na Waafrika Mashariki wengine waishio Marekani, kuna kifungu kisichojulikana na wengi. Mtu aliyeingia nchini humo kwa viza isiyo ya uhamiaji, mathalani ya masomo, ya matembezi au ya kazi ya muda, haruhusiwi na sheria ya shirikisho kumiliki wala kushika silaha au risasi, isipokuwa awe na mojawapo ya misamaha michache iliyotajwa, kama vile leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Kushika kunakozungumziwa ni pamoja na kukodi bastola kwa saa moja katika uwanja wa shabaha, au kupokea ya rafiki ili kujaribu. Mwanafunzi anayealikwa na wenzake wikendi na kupiga picha akiwa na bastola mkononi huwa amejiwekea ushahidi wa kosa linaloweza kumfunga jela na kumfukuzisha nchini. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu hahusiki na katazo hilo.

Aidha, bastola iliyonunuliwa kihalali huko haifungashwi katika sanduku la safari ya nyumbani. Kutoa silaha au kiwambo nje ya Marekani kwa kawaida kwahitaji kibali cha serikali hiyo, na nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka mwenye bastola awe na cheti kilichotolewa na mamlaka ya leseni za silaha kabla hajaipokea.